ATP iliyotengenezwa gizani

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alitoa hoja ambayo wanakemia wengi wa uhai waliikataa. ATP ndiyo molekuli inayoendesha karibu kila kazi ya seli, na wao waliamini kwamba huundwa kupitia kemikali fulani ya kati yenye nishati nyingi. Kemikali hiyo ilitafutwa miaka na miaka bila kupatikana. Mitchell akasema haipo. Seli husukuma protoni upande mmoja wa utando; zinaporudi, kimeng'enya kilichomo katika utando huo hutumia nguvu ya protoni hizo kuunganisha ADP na fosfati kuwa ATP.

Mwaka 1966 Andre Jagendorf na Ernest Uribe, wakiwa Marekani, waliijaribu hoja hiyo kwa kloroplasti za spinachi. Uzuri wa kazi yao umo katika kile walichokiondoa: mwanga. Gizani kloroplasti haisukumi protoni, basi wakaziingiza wao wenyewe. Waliloweka kloroplasti katika asidi ya pH 4 mpaka vifuko vya ndani, yaani thailakoidi, vikajaa asidi hiyo. Kisha, kwa ghafla, wakazihamishia katika mchanganyiko wa pH 8 wenye ADP na fosfati. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10, kwa hiyo protoni huru za ndani zilizidi za nje mara 10,000. Zikatoka, na ATP ikaundwa.

Kilichobeba jaribio ni aina ya asidi, jambo ambalo masimulizi mengi hulipita. Haidrokloriki nayo huleta pH 4, lakini protoni huru katika kifuko kidogo namna ile ni chache na huisha mara moja. Wao walitumia asidi ya suksiniki. Molekuli zake zisizo na chaji hupenya utando, na kila protoni huru inapotoka, zilizobaki ndani huachia nyingine. Bila akiba hiyo, ATP ingekuwa kidogo mno.

Je, kama mtiririko wa kawaida wa elektroni, ule ambao kwenye mwanga husukuma protoni, ulikuwa ukiendelea kichinichini? DCMU, sumu ya magugu inayouziba mtiririko huo, haikuzuia kitu. Kemikali zinazovujisha protoni kwenye utando ndizo zilizokomesha kazi.

Mpinzani mkaidi bado angeweza kudai kwamba kemikali ya kati imejificha ndani ya kloroplasti. Kwangu mimi, mlango huo ulifungwa 1974. Efraim Racker na Walther Stoeckenius walitengeneza vifuko vya mafuta ya soya, wakapachika protini ya kijidudu cha maji ya chumvi inayosukuma protoni ikipigwa na mwanga, pamoja na kimeng'enya cha kuunda ATP kutoka moyo wa ng'ombe. Walipomulika, ATP ikaundwa. Protini hizo mbili hazikuwa na chochote cha kupokezana isipokuwa protoni.

Mitchell alipata Nobel ya kemia 1978. Hata hivyo, alikosea kuhusu utendaji wa kimeng'enya chenyewe: alidhani protoni hushiriki moja kwa moja pale ADP inapoungana na fosfati, kumbe huzungusha sehemu yake ya katikati, kama alivyopendekeza mwanakemia Paul Boyer.