Initial D: Kikombe cha Maji Mlimani Akina

Wapo watakaokwambia Initial D ni filamu ya mashindano ya magari. Wasikuzuge. Hii ni filamu ya kijana na kazi yake, na ndiyo maana nataka sisi tunaohangaika na kalamu tuitazame kwa makini.

Kisa kimetoka kwenye katuni ya Mjapani Shuichi Shigeno, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1995 ikaisha 2013, vitabu 48. Mwaka 2005 Andrew Lau na Alan Mak wa Hong Kong, wale wale wa Infernal Affairs, wakaifanya sinema. Takumi ni kijana mkimya, anaigizwa na mwanamuziki Jay Chou wa Taiwan. Usiku wa manane, watu wamelala, yeye anapeleka tofu ya dukani kwa baba yake ng’ambo ya mlima Akina, kwa Toyota AE86 kuukuu. Ameianza kazi hiyo kabla hajafikia umri wa leseni. Na garini mna kikombe cha maji, agizo la dingi: maji yasimwagike, maana yakimwagika na tofu imevunjika.

Hapo ndipo nilipovua kofia. Hatuhubiriwi kwamba Takumi ni hodari. Tunaonyeshwa kikombe. Gari linaserereka kwenye kona, maji yanazunguka mpaka ukingoni, hayamwagiki, basi tumeamini. Wengi wetu tungejaza ukurasa mzima wa sifa. Na jamaa wa Nissan Skyline GT-R anapopitwa, inaingia akilini: yeye amekuja kushindana, dogo anawahi kumaliza kazi.

Baba mtu, Anthony Wong, ni mlevi, mkono wake mwepesi, lakini kila akitokea huwezi kumwondolea jicho. Tuzo ya Golden Horse aliyopewa mwaka huo huo kwa uigizaji msaidizi ilikuwa haki yake.

Sasa ugomvi wangu. Ile miaka ya kupanda na kushuka mlima inapitishwa chapchap, ili tuwahi mbio, muziki na skrini iliyokatwakatwa vipande. Sidai vitabu 48 viingie ndani ya saa mbili. Nadai zile safari za usiku tu. Bila hizo, mtazamaji anatoka akidhani Takumi kazaliwa dereva, karithi damu ya baba. Fikra hiyo ni sumu kwetu. Kijana akiamini kipaji ni cha kuzaliwa nacho, hadithi yake ya kwanza ikirudishwa na mhariri, anaiweka kalamu chini na kusema, “Basi, mimi sikujaliwa.”

La pili ni Natsuki, msichana wa Takumi. Tunamwona akiingia kwenye Mercedes ya mtu mzima mwenye pesa, tunamwona akimvunja kijana moyo, basi. Kosa amepewa, nafsi hakupewa. Kile kikombe kina kisa kirefu kuliko yeye! Hii si kasoro ya Hong Kong peke yake. Fungueni madaftari yenu muone mademu wangapi wamewekwa humo ili shujaa apate mahali pa kulilia.

Itazameni, ni bomba. Kisha aandike mmoja wetu, hasa dada zetu, ule usiku wa mwisho kwa macho ya Natsuki. Nitakuwa wa kwanza kuusoma.