Ongeza au Punguza

Ning'iniza timazi dogo kwa uzi, mita 1 kutoka msumari hadi katikati ya timazi. Lisukume kidogo, pima muda wa mibembeo 20, kila mmoja ukiwa kwenda na kurudi. Hapa Dar es Salaam utapata kama sekunde 40.2, na hesabu itakupa mchapuko wa mvutano wa dunia wa mita 9.77 kwa sekunde mraba. Wengi huweka kalamu chini. Fundi wa vipimo ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati.

Uzi umepimwa kwa rula ya milimita: shaka yake ni asilimia 0.1. Kidole kwenye saa huwahi au huchelewa kwa sekunde 0.2 hivi, ambayo ndani ya sekunde 40 ni asilimia 0.5. Ila kanuni inataka mraba wa muda, na mraba huja na shaka maradufu: asilimia 1. Rula na kidole havijuani. Kosa la kimoja huenda likapunguza la kingine. Ndiyo maana kila shaka huzidishwa kwa yenyewe, zikajumlishwa, kisha kikatafutwa kipeuo cha pili. 1 na 0.1 zinatoa takriban 1.005. Shaka ya uzi imemezwa nzima!

Naipenda sana hatua hii, kwani inamwonyesha fundi pa kumwagia jasho lake. Rula ya bei kubwa haitamsaidia chochote. Ahesabu mibembeo 100: kidole ni kile kile, lakini kosa lake sasa limetandazwa katika sekunde 201, na shaka ya jibu inashuka hadi asilimia 0.2 na ushei.

Kushuka huko kuna thamani kubwa. Mwaka 1672, mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, akaona saa yake ya pendulamu, yaani inayoendeshwa na timazi linalobembea, inachelewa takriban dakika 2 na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris. Mvutano wa sehemu hizo mbili hutofautiana kwa kama asilimia 0.3. Kwa shaka ya asilimia 1, tofauti hiyo isingeonekana kabisa. Nayo ndiyo Newton aliyoitumia kutetea kwamba dunia imebonyea kwenye ncha zake.

Lilibaki swali la joto: je, chuma cha pendulamu hakikurefuka tu huko ikweta? Newton alilikokotoa, akaona joto peke yake halitoshi. Alikuwa na haki ya kulihofia. Kosa linalovuta upande mmoja halipungui hata ukihesabu mibembeo 1,000, na hakuna kipeuo kitakacholifichua. Lazima mtu alitaje, alitafute, alipime peke yake.