Aksanti, Mama Mwenyeji

Anayekuja Lubumbashi kujitolea, awe mwalimu au muuguzi, hudhani atajifunza kazini tu. Kumbe mwalimu wake wa kwanza ni mama aliyempokea nyumbani, katika mtaa wa Katuba, Ruashi au Kenya.

Mama huyo ndiye anayempa blanketi la pili mwezi Juni, kwani mji wetu uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake humshangaza mgeni aliyetarajia joto. Ndiye anayemfundisha kuwasha mbabula, jiko la makaa, umeme ukikatika, kumega bukari (ugali) na kuchovya kwenye sombe (kisamvu), na kumwamkia mkubwa kabla ya kumuuliza neno. Kiswahili chetu mgeni hukipata hapo, kando ya makaa ya mbabula.

Tangu 1910 mji huu wa shaba umejengwa na waliotoka mbali: Kasai, Maniema, Rwanda, Zambia ya leo. Kumpokea mgeni ni urithi wetu.

Aliyejitolea hurudi kwao na cheti. Mama hubaki na sufuria zake, akimwombea safari njema. Naye amejitolea, tena kila siku. Mama, aksanti sana.