Picha za Vipande na Mji Usiochorwa

Katika miaka ya 1760, John Spilsbury, mchonga ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao akaukata kwa msumeno kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuunganisha vipande. Ndiyo asili ya mchezo ambao leo hupambwa kwa michoro ya kale ya makanisa, ngome na majumba ya wafalme, iliyochongwa katika mabamba ya shaba na kupigwa chapa.

Sifa yake ni kwamba kila mstari huwa dalili. Mchezaji hulazimika kutazama nguzo na madirisha ambayo jicho lingeyapita. Lakini mchezo huu una upungufu: hulitukuza jumba la mawe, tena lililokwisha chorwa. Mtoto wa Shume, penye misitu ya mwangati, akiutafuta humo mji wa Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai katika milima hiyo hiyo ya Usambara, hatauona. Nyumba zake zilikuwa za miti na majani. Na Burton na Speke, waliofika mwaka 1857, walilazwa nje ya mji.

Hata hivyo vipande vya Vuga vipo. Vingi vimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi. Kinachokosekana ni picha ya kifuniko cha sanduku: msomaji huunganisha asijue mwisho wake. Mchezo uonyeshao jibu kabla ya kazi hufundisha subira. Haufundishi shaka, nayo historia haiandikwi bila shaka.