Lini, Nani, Kwa Nini: Uhakiki wa Lugha ya Masharti ya Masoko ya Mtandaoni kwa Kuyasikiliza Maswali ya Wauzaji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya masharti ya Kiswahili ambayo majukwaa ya biashara ya mtandaoni huwawekea wauzaji kuhusu malipo, usafirishaji na uwekaji wa matangazo ya bidhaa. Hoja kuu ni kwamba maswali ambayo wauzaji huyarudia kila siku hayatokani na uvivu wa kusoma wala uchache wa elimu. Huulizia mambo matatu ambayo sarufi ya masharti imeyaondoa: wakati, mtenda na sababu. Makala yanapendekeza kwamba maswali hayo yawe kipimo cha masharti kabla hayajaanza kutumika.

1. Utangulizi

Mtu anayefungua duka mtandaoni huukubali waraka mrefu kabla ya kuuza hata kitu kimoja. Sisi wahakiki tumezoea kusoma kwa makini riwaya, tamthilia na hotuba za viongozi, lakini waraka huo tumewaachia wanasheria. Hata hivyo, ni nadra kupata matini nyingine ya Kiswahili ambayo sentensi yake moja inaweza kuzuia mtaji wa mfanyabiashara mdogo kwa majuma kadhaa. Matini yenye nguvu kiasi hicho inastahili kuhakikiwa.

Biashara ya mtandaoni katika eneo letu imekulia juu ya fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Baadaye yakaja majukwaa rasmi. Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012, ilifika Kenya, Uganda na Tanzania, kisha ikaacha shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Kando ya majukwaa hayo kuna biashara pana ya Instagram na WhatsApp, ambamo muuzaji na mnunuzi hupatana wenyewe na mzigo husafiri kwa basi. Kwa hiyo muuzaji wa eneo hili huishi kati ya taratibu mbili: za mapatano ya mdomo na za masharti yaliyoandikwa. Maswali yake huzaliwa pale taratibu hizo zinapokutana.

Sentensi za mfano zinazochambuliwa hapa zimetungwa na mwandishi kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika masharti ya aina hii. Si nukuu za kampuni yoyote, kwa kuwa kinachohakikiwa ni utanzu wenyewe.

2. Lini: lugha ya malipo

Swali la kwanza la muuzaji ni fupi: "Pesa yangu itaingia lini?" Jibu la masharti huwa na umbo hili: "Malipo yanaweza kushikiliwa hadi uhakiki utakapokamilika."

Tuanze na kitenzi "yanaweza". Masharti mengi hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na kitenzi cha lugha hiyo hubeba maana mbili, ya uwezekano na ya ruhusa. Katika mkataba, iliyokusudiwa ni ruhusa: mwenye jukwaa anajipa haki ya kuzuia fedha. Msomaji wa Kiswahili, aghalabu, husikia uwezekano: huenda ikatokea, huenda isitokee, kama mvua. Sentensi iliyokuwa tangazo la mamlaka imegeuka kuwa utabiri wa hali ya hewa. Laiti ingeandikwa "Tuna haki ya kuzuia malipo yako", muuzaji angejua tangu mwanzo kwamba ana mtu wa kukabiliana naye.

Pili, "hadi uhakiki utakapokamilika" ni kikomo kisicho na mwanzo wala mwisho. Uhakiki ulianza lini? Unakamilishwa na nani? Muuzaji hana pa kuanzia kuhesabu. Linganisha na kanuni ambayo Amazon huitumia kwa wauzaji wengi, ya kuhifadhi fedha hadi siku 7 baada ya mnunuzi kufikishiwa bidhaa. Muuzaji anaweza kuichukia kanuni hiyo, lakini anaweza kuihesabu. Tofauti kati ya sharti kali na sharti lisilohesabika ni kubwa kuliko tofauti kati ya sharti kali na sharti jepesi.

Tatu, ipo mitego ya tafsiri inayoonekana midogo. Chukua muda wa mwisho wa kujibu malalamiko ya mnunuzi, unaoandikwa "saa 11:59 usiku". Aliyetafsiri alikusudia dakika moja kabla ya usiku wa manane. Kwa hesabu ya saa za Kiswahili, hiyo ni saa 5:59 usiku, na saa 11:59 inaangukia alfajiri. Muuzaji anayesoma Kiswahili kwa Kiswahili ataamini kwamba ana saa 6 zaidi, naye atakapotuma ushahidi wake atakuta shauri limekwisha kufungwa dhidi yake. Hapo kosa si la muuzaji. Yeye ndiye aliyeisoma lugha kwa usahihi.

Kiswahili hakikukosa maneno ya mambo haya. Fedha ya mnunuzi inayokaa mikononi mwa mtu wa tatu mpaka mzigo ufike ina jina la zamani katika biashara ya Pwani: amana. Neno hilo hubeba wajibu ndani yake. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Ni mlinzi, na kuirudisha kwa mwenyewe ni suala la heshima na dini kabla halijawa la sheria. Masharti yanaposema "kushikilia malipo" badala ya "kuweka malipo kama amana", yanachagua neno la nguvu na kuliacha neno la wajibu. Uchaguzi huo wa msamiati ni uchaguzi wa uhusiano.

Ubunifu wa watu wa kawaida unathibitisha kwamba uwazi unawezekana. Mtu anapomwambia mwenzake "Nitumie na ya kutolea", kwa maneno machache tu ameamua nani atabeba ada ya kutoa fedha kwa wakala, jambo ambalo waraka wa jukwaa ungelitawanya katika aya tatu. Usemi huo una mtenda na una jambo linalotendwa, na hakuna anayeusikia akabaki na swali.

3. Nani: lugha ya usafirishaji

Swali la pili ni: "Mzigo ukipotea njiani, nani analipa?" Masharti hujibu: "Bidhaa zilizopotea zitashughulikiwa kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa." Kauli ya kutendwa imetumika mara mbili na mtenda hakutajwa hata mara moja. Kauli hii ni halali katika sarufi yetu, nayo humruhusu msemaji kumtaja mtenda kwa "na" akipenda. Mwandishi wa masharti hapendi. Mazoea hayo yakirudiwa katika waraka mzima, hujengeka ulimwengu ambamo akaunti hufungwa, fedha huzuiwa na mizigo hushughulikiwa, lakini hakuna afungaye, azuiaye wala ashughulikiaye.

Haki inatudai tukiri kwamba mtindo huu haukuletwa na intaneti. Stakabadhi za maduka yetu zimeandikwa kwa miaka mingi: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Hiyo nayo ni kauli ya kutendwa, na ni kali. Lakini nyuma ya stakabadhi ile alisimama mwenye duka. Mteja aliweza kumkabili, kubembeleza, kumkumbusha ujirani, na mara nyingine akabadilishiwa kiatu kilichombana. Mtenda aliyefichwa na sarufi alifichuliwa na kaunta. Mtandaoni kaunta haipo, kwa hiyo sarufi hubaki peke yake, na kilichofichwa hubaki kimefichwa.

Katika biashara ya kutuma mizigo kwa basi, muuzaji wa Kariakoo hupiga picha stakabadhi ya mzigo na kumtumia mnunuzi aliye Mwanza au Bukoba. Picha hiyo ni matini kamili: ina jina la basi, tarehe na mpokeaji. Hueleza mkono upi umeukabidhi mzigo kwa mkono upi. Masharti ya majukwaa huuvunja mnyororo huo kwa kuchanganya maneno. "Kusafirishwa" na "kufikishwa" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kati ya hayo mawili ndipo hasara hutokea.

Neno lenye madhara zaidi ni "marejesho". Sentensi "Muuzaji atagharamia marejesho" ina maana mbili. Kwa maana ya kwanza, muuzaji atalipa nauli ya bidhaa inayorudi. Kwa maana ya pili, atamrudishia mnunuzi bei yote aliyolipa. Kwa muuzaji wa simu, pengo kati ya maana hizo linaweza kuwa faida yake ya mwezi mzima. Dawa yake haihitaji kamati ya istilahi: "kurudisha bidhaa" na "kurejesha fedha" ni semi zinazoeleweka Lamu, Kigoma na Bukavu pia. Kinachohitajika ni nidhamu ya kuzitenga.

Mzigo unapovuka mpaka Mutukula au Busia, maswali huongezeka: nani anatoa hati, nani analipa ushuru? Hapa pana mfano mzuri wa sera. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo wanaovusha bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wakiwa na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Yaani, nchi zetu zilikwisha kukubali kanuni kwamba mfanyabiashara mdogo anastahili hati inayolingana na kimo chake. Kanuni hiyo imefika mpakani. Haijafika kwenye masharti ya majukwaa.

4. Kwa nini: lugha ya matangazo ya bidhaa

Swali la tatu huulizwa kwa uchungu zaidi: "Kwa nini mmeondoa tangazo langu?" Tazama sarufi ya muuzaji: "mmeondoa". Amemrudisha mtenda ambaye arifa ilimficha iliposema: "Tangazo lako limeondolewa kwa kukiuka sera." Swali hilo pekee ni uhakiki kamili wa sentensi iliyolizaa.

Arifa hiyo ina kasoro nyingine. "Sera" imetajwa bila jina wala kifungu. Je, ni picha iliyochukuliwa kwingine? Ni jina la chapa katika tangazo la viatu vya mitumba? Ni bei? Muuzaji asiyejua kosa hawezi kulirekebisha. Huweza kukisia tu. Akikisia vibaya na kulipandisha tangazo upya, huhesabiwa kosa la pili. Hivyo, arifa isiyo na sababu hutengeneza ukiukaji uleule inaodai kuuzuia.

Umoja wa Ulaya ulilishughulikia jambo hili kwa Kanuni 2019/1150, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020. Kanuni hiyo inataka masharti ya wafanyabiashara yaandikwe kwa lugha nyepesi inayoeleweka, mabadiliko yatangazwe angalau siku 15 kabla, na muuzaji anayewekewa kizuizi apewe maelezo ya sababu. Inaruhusu pia hali za pekee ambamo maelezo hayo hayatolewi. Hatupaswi kuinakili kama ilivyo, kwa maana masoko yetu na mahakama zetu ni tofauti. Lakini inaonyesha kwamba ubora wa lugha unaweza kuwa takwa la kisheria, si hisani ya kampuni.

5. Lugha ipi inatawala?

Masharti yaliyotafsiriwa mara nyingi humalizia kwa kifungu kinachosema kwamba tafsiri imetolewa kwa urahisi wa msomaji tu, na maana zikigongana, matini ya Kiingereza ndiyo itakayotawala. Kifungu hicho hubatilisha kurasa zote zilizokitangulia. Kiswahili kimetumika kumkaribisha muuzaji. Kiingereza kitatumika kumhukumu.

Hali hii haiendani na njia ambayo nchi zetu zimejichagulia. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania ilirekebisha sheria zake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Lugha rasmi isiyoweza kumtetea mtu katika mkataba alioukubali kwa lugha hiyo ina urasmi wa sherehe tu.

Zipo hoja za upande wa pili. Majukwaa hudai kwamba kufafanua kila sababu huwafundisha matapeli njia za kukwepa ukaguzi, na kwamba kampuni inayofanya kazi katika nchi nyingi huhitaji matini moja ya kurejelewa. Hoja ya kwanza ina uzito katika kesi za ulaghai, lakini haiwezi kuhalalisha ukimya kuhusu picha yenye kasoro au kifurushi kilichochelewa. Hoja ya pili ni ya urahisi wa kampuni. Ikiwa matini mbili zinaweza kugongana, mwenye kuziandika ndiye mwenye uwezo wa kuzilinganisha, na ndiye apaswaye kubeba gharama ya zinapotofautiana. Wala lawama isitupwe kwa mfasiri. Mara nyingi amefasiri kwa uaminifu utata aliokabidhiwa.

6. Hitimisho

Mtazamo uliozoeleka ni kwamba wauzaji wanahitaji elimu zaidi. Uhakiki huu unaelekeza kwingine: kinachohitaji kurekebishwa kwanza ni matini. Kwa washauri wa sera, tunapendekeza mambo manne. Kila sharti linalozuia fedha litaje siku ya kuanza kuhesabu na siku ya mwisho, kwa saa zilizoandikwa bila utata. Kila kitenzi cha adhabu kiwe na mtenda anayetajwa. Kila tangazo linaloondolewa liambatane na kifungu kilichokiukwa na njia ya kukata rufaa. Na muuzaji aliyekubali masharti kwa Kiswahili ahukumiwe kwa Kiswahili.

Kwa watafiti wa lugha, kazi ni kuyakusanya maswali ya wauzaji kama tunavyokusanya methali na ngano, kwa kuwa ndani yake mna sarufi ya haki ambayo masharti hayajaifikia. Muuzaji anayeuliza lini, nani na kwa nini amekwisha kuusoma waraka. Anauliza kwa sababu ameusoma, na hakuyaona hayo matatu.