Hürrem Anaongea Kama Taarifa ya Habari

Ukisema "laibrari" hapa Mpanda, ni wachache watakaofikiria vitabu. Laibrari ni kibanda chenye kompyuta moja, spika inayopiga kelele hadi barabarani, na kijana anayejua kila muvi iliyotoka. Unampa flashi, anakujazia. Wenzangu wa fasihi hucheka nikiwaambia, ila mimi naona jina limekaa sawa kabisa, maana hadithi za mji huu zinaazimwa pale. Nikitaka kujua watu wanafuatilia nini, naenda kuuliza kinachojazwa wiki hii.

Jibu halibadiliki sana: za Kikorea, za Kihindi, za Kituruki. Na swali la kwanza la mteja ni moja tu. "Imetafsiriwa?"

Sasa hapo ndipo penye ugomvi wangu. Tafsiri tunazo za aina mbili, na tunaheshimu moja tu. Ya kwanza ni ile ya studio, ambapo kila mhusika anapewa mtu wake wa kumsemea. Mwaka 2011 TBC walituonyesha "Doudou na Mama Wakwe Zake", tamthilia ya Kichina iliyoongea Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye Azam wakaja na "Sultan", ile ya Kituruki iliyotengenezwa kati ya 2011 na 2014, na nyumba zenye king'amuzi zikajaa majirani.

Ya pili ni ya mtu mmoja na maikrofoni yake. Derek Mukandala, tuliyemjua kama Lufufu, alikuwa bingwa wake enzi za mikanda na vibanda umiza. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo anayefanya kwa Kiganda. Sauti moja inambeba jambazi, mama mzazi, polisi na mbwa. Wasomi wa hapa nyumbani waliwaona wahuni, wakati Mjerumani Matthias Krings aliona kuna sanaa ya kuandikia na akaandika.

Nirudi kwenye "Sultan", maana ndiyo iliyonifungua macho. Hürrem ni mateka. Anatolewa kwao, nchi ambayo leo ni Ukraine, anauzwa, anaingizwa kwenye jumba la kifalme asikojua mtu. Lugha anajifunza hapo hapo, katikati ya watu wanaomcheka na wengine wanaotaka kumuua. Mwigizaji mwenyewe, Meryem Uzerli, alikulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi. Yaani ugeni wa Hürrem ulisikika masikioni kabla hata hujaelewa hadithi. Kwenye Kiswahili, nilivyomsikia mimi, anaongea sanifu iliyonyooka kama msoma taarifa ya habari ya saa mbili. Sultani vilevile. Mpishi vilevile. Matowashi, masuria, walinzi, wote kana kwamba walisoma darasa moja kwa mwalimu mmoja. Sauti ni nzuri na watu wa studio walifanya kazi, hilo siwanyimi. Ila mateka amepotea, na kabaki mwanamke mrembo mwenye hasira.

Labda kwa mtu wa Dar hili ni jambo dogo. Huku Katavi si dogo. Huu ni mkoa wa Katumba na Mishamo, makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Kutoka makazi hayo na Ulyankulu kule Tabora, zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa uraia. Wazee wao walijifunza Kiswahili ukubwani, sokoni, kliniki, ofisi ya serikali, wakijua kwamba sentensi moja ikikaa vibaya mtu atauliza, "Wewe wa wapi?" Ongeza Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo. Kiswahili hapa kina matuta. Hadithi ya mwanamke anayepanda cheo huku akijifunza lugha ya wakubwa ilikuwa yetu kuliko ya mtu mwingine yeyote nchini, na tumeletewa ikiwa imepigwa pasi.

Lufufu na wanafunzi wake wasingeiacha. Wangembabaisha Hürrem, wangemtafutia lafudhi, wangeongeza na matusi mawili. Na ndiyo, wana makosa yao, mengine yanachosha: wanaruka mazungumzo, wanadanganya wasipoelewa, na utani wao kuhusu wanawake umenifanya nizime kompyuta zaidi ya mara moja. Lakini wanachagua. Nyerere naye alichagua. Mfanyabiashara wa Shakespeare akawa bepari, kitabu kikatoka mwaka 1969 kikiitwa "Mabepari wa Venisi", na hakuna aliyedhani Mwalimu kakosea msamiati. Tukumbuke pia kwamba huyo mfasiri wetu mkubwa alianza na Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni.

Tamthilia zetu wenyewe, kina "Huba" na "Jua Kali", zina uhuru wote wa kufanya hili na hazilifanyi. Ukisikia lafudhi, jua ameingia mlinzi, au binti wa kazi kutoka mkoani, tucheke kidogo kabla ya kurudi kwa matajiri. King Majuto, Mungu amrehemu, alikuwa na Utanga wake mdomoni na bado ulimwona mtu mzima, si lafudhi inayotembea. Amefariki 2018 na sijaona aliyeshika nafasi hiyo.

Kinachonikosesha raha zaidi ni kwamba kazi za watu wa maikrofoni zitapotea zote. Zilifanywa juu ya filamu za wengine bila idhini, kwa hiyo sioni maktaba ya chuo itakayothubutu kuziweka rafuni. Mikanda imeoza, CD zimechubuka, na flashi zinafutwa kila wiki ili ziingie mpya. Mtu akija kuandika historia ya masimulizi ya Kiswahili mjini, ataikuta miaka ishirini ya sauti haipo.

Juzi niliiulizia "Vuta N'kuvute", filamu ya Amil Shivji ya 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, iliyofika tamasha la Toronto na ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Humo Kiunguja kinasikika kama Kiunguja. Kijana wa laibrari akatafuta kwenye kompyuta, akakuna kichwa.

"Dada, hiyo ya wapi?"

"Ya kwetu. Zanzibar."

"Sawa. Unataka iliyotafsiriwa?"