Pilau ya Kibandani: Namna ya Kumpima Mtafsiri wa Filamu

Mtafsiri wa filamu mpime pale ambapo kwenye picha hakuna anayeongea. Stelingi anapanda ngazi, taa zimezimika, adui kajibanza nyuma ya mlango. Hapo hakuna neno la kutafsiri. Mtafsiri mbovu anauogopa ukimya huo, anaujaza kelele, anakueleza kwamba stelingi anapanda ngazi, kana kwamba umelipa kiingilio ukiwa umefumba macho. Aliyebobea ananyamaza, anaacha ngazi zilie zenyewe, kisha anadondosha neno moja, na benchi zima linacheka au linashika mdomo.

Hili nililijulia Ngara, mkoani Kagera, katika kibanda umiza cha mabati chenye televisheni ya kichogo, deki mbili ambazo moja ilikuwa mgonjwa wa kudumu, na jenereta iliyofukiwa nusu shimoni huko nyuma ili isitushinde sauti. Mwenye kibanda ndiye aliyekuwa mtafsiri wetu. Kanda zilizotafsiriwa Dar es Salaam zilikuwa bado hazijatufikia kwa wingi, basi alipunguza sauti ya filamu, akavuta kipaza sauti, akafanya kazi mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Usiku mmoja stelingi alikuwa anaendesha gari peke yake katikati ya msitu, muziki wa kutisha unapanda, hakuna anayesema lolote. Mzee akanyamaza pia. Halafu, polepole: "Huyu hajasubiri eskoti."

Watu waliangua kicheko mpaka maneno ya filamu yaliyofuata yakapotea. Karibu kila aliyekuwa mle ndani alishawahi kukaa kwenye basi lililozimwa injini, likingoja askari wenye bunduki walisindikize kuvuka mapori ya kati ya Biharamulo na Ngara kwa sababu ya majambazi. Filamu ilikuwa ya Marekani, lakini msitu ule kuanzia hapo ulikuwa wetu. Hadi leo sikumbuki jina la filamu ile.

Kwa hiyo ndani ya hadithi mtafsiri ana ruhusa ya kutia chumvi, na asiyetia simlipi. Matthias Krings, msomi wa Kijerumani aliyewachunguza watafsiri wa Tanzania, aliandika makala ambayo kichwa chake kinaifananisha kazi hii na kugeuza wali kuwa pilau. Sijaona maelezo yanayoipita hiyo. Picha ni wali ulioletewa. Viungo unavijua wewe na jiko lako. Derek Mukandala, ambaye watu wengi wanamjua kwa jina la Lufufu tu, hakufuata sentensi kwa sentensi. Alisimulia, akamwonya stelingi, akamsuta adui, kama mtu mzima aliyekuwapo siku tukio linatokea. Wapo wanaosema huo si utafsiri. Sawa. Hata mshenga hapeleki posa kwa maneno yale yale aliyotumwa.

Kazi yenyewe si ya jana. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa sinema za mafunzo wenye makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ambapo picha zilikwenda zake na maelezo yakachezwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Baadaye yakaja magari ya sinema ya vijijini, na pembeni ya pazia alisimama mtu mwenye kipaza sauti. Mzee wetu wa Ngara alikuwa na ukoo mrefu kuliko alivyojua.

Anayeishi Ngara ana bahati ya kulinganisha. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo ukichoka na sauti ya Dar es Salaam unahamia agasobanuye, filamu zinazoelezwa kwa Kinyarwanda, ambazo marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na kufariki 2022, alizipa sauti iliyozoeleka kuliko zote. Wenzetu wa Biharamulo wana mtihani mwingine. Pale Nyakanazi, njia panda ya malori, anayetazama leo kesho yuko Kigali au Kahama. Dereva Mpemba amekaa na utingo Msukuma. Utani wa kijiji haufiki mbali. Mtafsiri anayewachekesha watu wa Nyakanazi wote kwa pamoja, huyo mwekee akiba jina lake.

Hata hivyo, chumvi ya ndani ya hadithi ina mpaka, na mpaka wenyewe ni macho. Mfano mzuri kuliko yote unatugusa sisi wa Kagera. Mwaka 1953 ilitoka filamu ya John Ford iitwayo Mogambo, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Sehemu yake ilipigwa kwenye Mto Kagera, mto huu huu unaoporomoka Rusumo, na sehemu nyingine Kenya na Uganda. Humo Grace Kelly ni mke wa mtu, naye anampenda mwindaji, Gable. Hispania ya Franco haikutaka mke wa mtu apendwe na mwanamume mwingine, kwa hiyo katika sauti ya Kihispania mume na mke wakageuzwa kaka na dada. Zinaa ikafutwa. Kilichobaki kwenye pazia ni kaka na dada wanaotazamana kama wanandoa, na kaka anayemwonea dada yake wivu wa kitandani. Waliokata aibu ndogo wakashona kubwa zaidi. Mtafsiri wa kibandani asiye na cheti chochote asingefanya kosa hilo, kwa maana watazamaji wake wako hatua mbili kutoka alipoketi na wana midomo.

Sasa kuna chumvi ya upande wa pili, ya nje ya hadithi, na hii siisamehi hata punje. Nasema juu ya siri za nyuma ya kamera: nani alipiga wapi, jina lilitoka wapi, bunduki ile ni ya nini, kwa nini yule mzee anacheka vile. Wapenzi wa filamu wanazikusanya siri hizi kama wavulana wanavyokusanya vizibo vya soda, na mtafsiri mjanja anajua kwamba siri moja ikipenyezwa vizuri inampandisha hadhi mwezi mzima. Ndiyo sababu kishawishi cha kuzitunga ni kikubwa. Ndani ya hadithi mtazamaji anajua unacheza naye. Ukimwambia "hii ilipigwa Karagwe", hachezi tena. Amekuamini, na kesho atasema hivyo hivyo mbele ya shemeji zake.

Wakubwa nao wanatunga. Filamu hiyo hiyo ya Mogambo ilitangazwa kwamba jina lake ni la Kiswahili na maana yake ni mapenzi makali. Muulize bibi yako. Tunaye mgambo, na mbiu yake ikilia ina jambo, ila jambo lenyewe si mahaba. Ukweli ni kwamba mtayarishaji Sam Zimbalist alichukua jina la Mocambo, klabu ya usiku ya Los Angeles, akabadilisha herufi moja. Siri ya kweli kuhusu filamu hiyo ni tamu kuliko ya uongo: Gable alikuwa ameshacheza nafasi ile ile mwaka 1932, katika filamu ya Red Dust, akiwa kijana. Mtafsiri anayelijua hilo hana haja ya hotuba. Gable anapomtazama msichana, anasema tu: "Mzee huyu kazi hii ana uzoefu nayo." Asiyejua anacheka, anayejua anacheka mara mbili, na hakuna aliyepoteza kitu. Siri iliyowekwa vizuri haimwachi mtu nje ya mlango.

Kipimo kingine cha siri ni sikio. Katika Return of the Jedi ya 1983, Lando Calrissian anaendesha chombo cha angani akiwa na msaidizi mwenye mashavu yaliyoshuka kama mifuko, Nien Nunb. Kwa miaka mingi mashabiki waliambizana kwamba kiumbe yule anaongea Kihaya, na baadhi wakaongeza kwamba Kihaya ni lahaja ya Kenya. Nilipolisikia nilivimba kichwa kwa niaba ya mkoa mzima. Kisha nikamchezea rafiki yangu Mhaya kipande kile kwenye simu. Alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Huyu si wetu," akasema. "Muulize Mkikuyu." Na ndivyo ilivyo: sauti ile ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo, na maneno ni ya Kikuyu. Mzungumzaji wa Kikuyu anayaelewa bila mkalimani. Fikiria raha yake, sinema nzima inadhani ni lugha ya sayari ya mbali, na yeye peke yake amekaa anaitikia. Kagera tumebaki na Mogambo.

Nimeiacha mwisho filamu ambayo kila mtu anayejidai kuwa mjuzi wa kazi hii lazima aitazame, kwa sababu ndani yake mtafsiri si mgeni. Ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, kutoka Wakaliga, mtaa wa mabondeni Kampala. Aliyeitengeneza ni Isaac Nabwana, fundi matofali wa zamani, na gharama anayoitaja ni chini ya dola 200. Kampuni inaitwa Ramon, na hapa kuna siri ya kumpenyezea jirani yako: ni majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica, yamekatwa yakaunganishwa. Mafia wanaua watu mpaka wanachoka chini ya baraka za mabibi.

Itazame mara ya kwanza kwa kucheka. Mara ya pili tazama vyuma. Dauda Bisaso, fundi wa zana zao, ndiye aliyechonga bunduki kutoka kwenye vyuma chakavu, na ukisimamisha picha unaona kazi ya mchomeleaji, si ya kiwanda. Damu hapo mwanzo walitumia ya ng'ombe, mpaka mmoja wao akaugua ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao wafugaji wa kwetu wanaujua vizuri. Wakahamia rangi ya chakula ndani ya kondomu. Mpiganaji wa kung fu anaitwa Bruce U, na sihitaji kukueleza ni jina la nani lililoigwa. Kompyuta zilizotengeneza helikopta inayoshambulia Kampala zilikuwa za kuungwaungwa. Ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata, Nabwana alifuta ile ya kwanza. Ndiyo, alifuta. Kwa hiyo leo hakuna duniani nakala isiyo na sauti ya VJ Emmie juu yake. Uganda mtafsiri wanamwita vijei, na vibanda vyao ni bibanda, neno lile lile limevuka mpaka. Katika nakala iliyobaki Emmie anapiga kelele, anawatania wahusika, anaipigia debe filamu nyingine za Wakaliga katikati ya risasi. Ukimtoa, filamu haipo.

Wazungu waliipenda wakidhani hilo ni jambo la ajabu. Mimi naliona kuwa la kawaida kabisa ukijua Nabwana aliyaonaje mapigano utotoni. Kaka zake ndio waliokuwa wanakwenda kibandani, wakarudi nyumbani kumsimulia akina Chuck Norris na Bud Spencer. Alizisikia filamu kabla ya kuziona. Alipopata kamera alipiga picha ya masimulizi, na msimulizi akaja kuchukua kiti chake. Kwa vipimo vyangu, Emmie anaongea mno. Kuna vifo viwili vitatu ambavyo angevinyamazia vingeniuma. Lakini ni msafi upande wa nje: anajigamba juu ya hadithi kadiri apendavyo, wala hatuambii kwamba helikopta ni ya jeshi. Na swali la kwenye jina la filamu hakulijibu, kwa sababu filamu yenyewe hailijibu. Kapteni Alex anakutwa amekufa, watu wanalipiza kisasi dhidi ya yeyote aliye karibu, na muuaji hajulikani. Niliwahi kumsikia mtafsiri mwingine akimtaja muuaji kwa kujiamini. Nilimvua daraja palepale.

Basi ukifika Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara kabla dunia haijalijua kwa kambi ya wakimbizi ya 1994, au ukishuka Nyakanazi kunyoosha miguu, utamkuta kijana mwenye kompyuta na waya nyingi anayejaza watu movi kwenye flashi. Usimwulize ipi nzuri. Zote atakwambia nzuri. Usikubali akuchezee mwanzo, mwanzoni kila mtafsiri ni hodari, anajitambulisha, anasalimia mikoa. Mwambie asogeze mpaka katikati, atafute mahali stelingi yuko peke yake. Sogeza sikio karibu na spika, maana pale malori hayaishi kupiga honi. Ukisikia ukimya, kisha neno moja linalokufanya utazame nyuma kuona nani mwingine amesikia, lipia singo tatu na sizoni nzima. Akikueleza kwamba stelingi anapanda ngazi, chomoa flashi yako.